Mama Puto na Chupa Iliyopinduliwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku ambazo yeye mwenyewe anazijua kwa hesabu kamili, mhudumu wa maabara wa shule yetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa sita mchana. Kamati ya sherehe ilimwomba aache kazi saa nne ili shughuli ianze mapema. Alikataa. Alisema ameajiriwa mpaka saa sita, na kuna mirija kumi na minne ya vioo haijakauka.

Kwenye faili lake ana jina refu lenye herufi kubwa. Hapa shuleni, kuanzia mwalimu mkuu mpaka mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu, anaitwa Mama Puto, na wazazi wengine wameshamwandikia barua kwa jina hilo bila kujua kwamba ana jingine.

Mimi ni mwalimu ninayefanya naye kazi, na kamati iliniagiza niandike ukurasa mmoja wenye furaha. Niliambiwa niseme ni mchapakazi, niseme anapenda watoto, na nisiguse ile barua iliyo ndani ya faili lake. Faili hilo linakwenda makao makuu Ijumaa hiihii na kufungwa, na mtu mwenye barua ya aina hiyo hapewi cheti cha utumishi bora, hata kama amefanya kazi mpaka meno yamemtoka. Kuhusu ukurasa mmoja, nimeshindwa. Kuhusu furaha, nitajitahidi. Kuhusu barua, soma mpaka mwisho.

Mama Puto aliajiriwa afagie. Maabara ya wakati ule ilikuwa chumba cha mwisho karibu na vyoo, na mlangoni palikuwa na kibao kilichoandikwa "Maabara ya Kisasa". Ndani palikuwa na meza mbili, sinki lisilo na maji, mifupa ya plastiki ya binadamu aliyekosa mkono wa kushoto, na kabati lenye kufuli. Ndani ya kabati kulikuwa na kipimajoto kimoja. Kilitunzwa vizuri sana kipimajoto hicho. Kwa miaka tisa hakuna mwanafunzi aliyewahi kukiona, na matokeo ya majaribio yote yaliandikwa ubaoni kutoka kwenye daftari la mwalimu, ambaye naye aliyanakili kwa mwalimu aliyemtangulia. Inawezekana joto la maji yetu lilipimwa mara ya mwisho na mtu ambaye sasa ni marehemu.

Wiki ya pili tangu aanze kazi, mama huyu aliuliza kwa nini kabati halifunguliwi. Akaambiwa kipimajoto kitavunjika. Akasema, "Kikivunjika kitakuwa kimeshapima." Akapewa ufunguo, nadhani ili akome kuuliza, na hajaurudisha mpaka leo.

Msidhani namvika kilemba cha ukoka. Mama huyu ana mkono wa birika ambao sijaona mfano wake. Ukitaka spiriti anakupa kwa matone, na anasimama pale mpaka umalize. Ukiazima kitambaa saa tatu, saa nne yuko mlangoni mwa darasa lako, amekunja uso. Ana daftari la vitu vilivyovunjika, lenye safu nne alizozipiga kwa rula: kitu, aliyekivunja, sababu, na kilichojifunzwa. Safu hiyo ya nne ni ya kwake, hakuna shule nyingine yenye nayo. Nimeruhusiwa kunukuu mstari mmoja wa miaka sita iliyopita: "Bika moja kubwa ya kioo. Mwalimu wa hisabati. Aliiegemea akisimulia habari za mpira. Hakuna."

Habari za hewa hakuzisoma chuoni. Mumewe ni fundi wa matairi, na kibanda chake kipo ng'ambo ya barabara mpaka leo. Tangu ujana wake anajua kwamba tairi lililojazwa asubuhi ya baridi si tairi lilelile saa nane mchana barabarani, na kwamba dereva anayedai ajaziwe mpaka mwisho atarudi kabla ya jua kuzama, akiwa anasukuma. Sisi wenye vyeti tulikuwa na kanuni hiyo kwenye daftari: gesi ikipata joto hutanuka, ikipoa husinyaa. Tuliiimba vizuri. Kuiona ikitokea mbele ya macho yetu lilikuwa jambo jingine.

Mfano wa kwanza ni mipira. Siku moja mwalimu wa michezo alijaza mipira sita uwanjani, jua la saa nane likiwaka, mpaka ikawa inalia ukiigonga kwa kidole. Akaifungia stoo. Kesho yake asubuhi, kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni, na timu ya shule jirani ilikuwa imeshafika. Mipira yote sita ilikuwa imelegea. Mwalimu wa michezo hakusita. Alitangaza mbele ya timu mbili kwamba pana mtu anaiba upepo. Mlinzi akaitwa, akahojiwa alikuwa wapi usiku, akaapa kwa watoto wake wote kwamba upepo wa wizi hana pa kuuuza. Mama Puto aliuchukua mpira mmoja, akauweka juu ya bati karibu na jiko la chai ya walimu, akaendelea na kazi zake. Baada ya robo saa mpira ulikuwa umekaza. Akamrushia mwalimu wa michezo na kusema, "Mwizi amerudisha." Mlinzi bado anasubiri kuombwa radhi. Atakuwa getini siku nzima ya sherehe, na mwalimu wa michezo amepangiwa kiti safu ya pili.

Mfano wa pili mnaukumbuka, maana wengi wenu mlikuwa chini ya meza. Mwaka juzi kwenye mahafali, kamati ya mapambo ilijaza maputo mia moja na ishirini alfajiri, ndani ya ukumbi wenye baridi, kila moja mpaka ngozi yake ikang'aa. Mama Puto alipita na ndoo yake akasema, "Acheni nafasi." Mwenyekiti wa kamati akamjibu kwamba puto la nusu ni aibu kwa taasisi. Maputo yakatundikwa nje, chini ya turubai jeusi. Saa saba mchana, mgeni rasmi alipofika kwenye neno "utulivu", la kwanza likapasuka. Alipoinua kichwa kuendelea yakapasuka matatu kwa mpigo. Mgeni rasmi akainama nyuma ya kipaza sauti, mwalimu wa dini akawa wa kwanza kufika barabarani, na maputo yakaendelea kupasuka moja baada ya jingine mpaka hotuba ikaachwa. Kamati ile ndiyo kamati hii. Nimeyaona maputo ya sherehe hii, na nawapongeza, yamelegea ipasavyo.

Sasa nieleze jina lake lilikotoka, na hapa nawaomba watoto wasogee karibu.

Kila mwaka, darasa la sita wakifika kwenye somo la gesi, Mama Puto huleta chupa tupu ya kioo, puto moja, beseni na flaski ya maji ya moto. Tupu tunasema sisi, ila yeye hakubali neno hilo, huwauliza watoto ndani mna nini mpaka mmoja aseme mna hewa. Anavalisha mdomo wa chupa lile puto, nalo linalala pembeni kama sikio la mbuzi. Kisha yeye mwenyewe, si mtoto, anamimina maji ya moto kwenye beseni na kuisimamisha chupa humo. Puto linaanza kutikisika, linanyanyuka, linasimama, linavimba kiasi cha limau. Anaihamishia chupa kwenye maji ya baridi, na puto linanywea, mara nyingine linavutwa mpaka ndani ya shingo ya chupa. Anarudia mara tatu, kwa sababu anasema jambo likitokea mara moja linaweza kuwa bahati.

Baadaye anawatoa watoto nje, anachora chumba kwa chaki kwenye saruji, anawaingiza arobaini wasimame kimya, bega kwa bega. Wanatosha. Kisha anawaambia warukeruke na kutikisa mikono. Mara moja mistari inavukwa pande zote nne. "Nani ameongezeka?" anauliza. Hakuna. "Basi mbona mmejaa mpaka nje?" Hapo mtoto anaelewa kwamba hewa ni chembechembe ndogo zisizotulia. Joto linazichangamsha, zinakwenda mbio, zinasukumana, zinataka nafasi kubwa zaidi. Ukizipoza zinapunguza mbio, nazo zinatosheka na nafasi ndogo. Hesabu ya chembechembe ni ileile. Sijaona kitabu kinachoeleza vizuri kuliko hivyo, na nimeviagiza vingi.

Miaka kumi na miwili iliyopita alikuja mkaguzi. Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita alijiandaa siku tatu. Aliazima tai, akafuta ubao mara mbili, akamwambia Mama Puto asimame nyuma na flaski, asiongee. Jaribio lilikwenda vizuri. Puto likasimama. Mwalimu akanyoosha kidole na kueleza, kwa sauti ya mtu anayerekodiwa, kwamba hewa ya moto ni nyepesi, hupanda juu, na kwa kuwa puto lipo juu, hewa imepanda ikaingia kwenye puto. Mkaguzi aliandika. Mwalimu yule alikuwa ameeleza hivyo kwa miaka mitano mfululizo, na watoto mia mbili walikuwa wameondoka shuleni na maelezo hayo vichwani.

Kwenye dawati la nyuma alikaa binti tuliyemwita Wakili, kwa sababu hakuna hoja aliyoiacha ipite hivihivi. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, na tukiipindua chupa?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa shuleni mwaka ule. Kama hewa inaingia kwenye puto kwa kuwa inapanda, basi puto likiwa chini lisingejaa. Mwalimu angeweza kusema, "Sijui, tujaribu." Ni maneno mawili na koma. Yeye alisema, "Kaa chini. Chupa haipinduliwi."

Mama Puto alitoka nyuma. Aliichukua chupa, akaipoza kwenye maji ya baridi, akaipindua puto likaning'inia kuelekea sakafuni, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto na kukizungushia tumbo la chupa. Puto likaanza kujaa. Lilijaa likitazama chini, kiasi kilekile cha limau, wala halikujali maelezo ya mwalimu. Akailaza chupa ubavu, akabadilisha kitambaa, likajaa ubavu. Watoto wakapiga kelele za furaha ambazo nadhani zilisikika kwenye kibanda cha matairi. Kalamu ya mkaguzi ilikuwa imesimama. Mwalimu wa sayansi macho yalimtoka pima. Mama Puto aliirudisha chupa mezani na kusema, "Samahani mwalimu, niliona maji yanapoa."

Mtu mzima angecheka na kukubali. Mwalimu yule alimweleza mkaguzi kwamba ni upepo wa dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Na mchana ule, wakati wenzake wanakunywa chai, alikaa ofisini akaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu utovu wa adabu wa mhudumu asiye na sifa za kufundisha, aliyemdhalilisha mwalimu mbele ya mgeni. Mwalimu mkuu wa wakati ule alipenda amani kuliko ukweli, akagonga muhuri. Mama Puto akapewa onyo la maandishi, likaingia kwenye faili, likakaa.

Limekaa miaka kumi na miwili. Mara tatu jina lake lilifika kwenye orodha ya kupandishwa cheo, mara tatu faili likafunguliwa, barua ikaonekana, faili likafungwa. Amewafundisha kazi wahudumu wanne, na wote wanne sasa wana cheo cha juu kuliko chake kwenye shule nyingine. Wakija kumwamkia wanaona aibu kukaa. Yeye ni Mhudumu wa Daraja la Tatu mpaka leo.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya somo la gesi, mwalimu wa sayansi alikuta mezani kwake chupa, puto, kitambaa na flaski. Kwenye chupa palikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa: "Ya kupindua." Akaipindua. Watoto wakapiga kelele zilezile, safari hii kwa ajili yake, na alizipenda. Tangu hapo hajaacha kuipindua. Aliipeleka mbinu hiyo kwenye semina ya walimu wa sayansi, akaieleza kama aliyoigundua mwenyewe bafuni, akapigiwa makofi, akapewa cheti cha ubunifu. Alikitia kwenye fremu. Kilining'inia sebuleni kwake, mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa.

Mwalimu huyo ndiye anayeandika wasifu huu. Kamati ilinipa kazi hii kwa sababu, walisema, hakuna anayemjua Mama Puto kuliko mimi. Walisema kweli bila kujua.

Wiki tatu zilizopita mwalimu mkuu wetu wa sasa aliniita. Alikuwa ameshika faili. Aliniambia barua hii inaweza kufutwa na aliyeiandika tu, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa. "Upo tayari, mwalimu?" akaniuliza. Nikajibu nitafikiria. Ndiyo, nilijibu hivyo. Miaka kumi na miwili haikunitosha kufikiria, nikaomba na wiki.

Nilikwenda maabara kumweleza. Alikuwa anabandika majina kwenye chupa za dawa, herufi kwa herufi. Nikaanza kwa mbali, nikazungumzia hali ya hewa, nikazungumzia watoto wa siku hizi. Akanikatiza, "Mwalimu, umekuja kuongea au umekuja kuazima?" Nikafyata mkia. Nikasema nimekuja kuazima flaski. Akaniandikia kwenye daftari la kuazima, nikasaini, nikaondoka na flaski ambayo sikuihitaji.

Nyumbani mke wangu aliniuliza flaski hiyo ya nani. Nikamweleza yote, kuanzia tai ya kuazima. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Aliinuka, akapanda kwenye kiti, akakishusha cheti ukutani, akakiegemeza mlangoni kama kitu kinachosubiri kutupwa. Ukuta umebaki na alama nyeupe ya mraba. Niliona haya kukaa sebuleni kwangu mwenyewe.

Niliandika barua ya kufuta mara saba. Sita za kwanza zilikuwa na sababu zangu: nilikuwa kijana, nilikuwa na hofu ya mkaguzi, dirisha. Ya saba imeshapokelewa na kugongwa muhuri Jumatatu, na nakala yake ni hii, ili isomwe kwa sauti mbele ya mgeni kutoka makao makuu, kama ile ya kwanza ilivyomuumiza kila faili lilipofunguliwa:

"Naifuta barua yangu ya malalamiko. Nilikosea kuhusu hewa na nilikosea kuhusu mama huyu. Siku ile alifanya kazi niliyoajiriwa kuifanya mimi, na aliifanya kwa adabu. Mbinu niliyopewa cheti kwayo ni yake, na swali lililoizaa ni la mwanafunzi niliyemwambia akae chini."

Kwa kuwa Mama Puto hakubali kitu kiandikwe kumhusu bila kukikagua, juzi nilimpelekea wasifu huu. Alivaa miwani akausoma akiwa amesimama, nami nimesimama, kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu wa zamu. Alisahihisha mambo mawili. Mirija ni kumi na sita, miwili ilikuwa kwenye sinki. Na maji ya siku ya mkaguzi nisije nikasema popote kwamba yalikuwa yanachemka, yalikuwa nyuzi sabini, alipima. Kwenye sehemu ya barua hakuandika kitu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kisha akatoa lile daftari la vitu vilivyovunjika na kulifungua nyuma sana, kwenye tarehe ya ukaguzi. Sikujua kama siku ile aliandika kitu, maana chupa haikuvunjika wala puto. Kwenye safu ya kwanza, kwa mwandiko wake ulionyooka, paliandikwa "Mwalimu wa sayansi". Aliyekivunja: "Swali." Sababu: "Hakuacha nafasi." Safu ya nne ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu tangu siku ile.

Akanipa kalamu.

Niliandika kwamba gesi ikipata joto hutanuka, na hutanuka kila upande, si juu peke yake. Akasoma. Akasema, "Umesahau nusu, mwalimu." Nikaongeza kwamba ikipoa hurudi. Akapiga alama ya vema, akafunga daftari, akaniambia nikae.

Mama yetu, kwa niaba ya walimu wenzangu, watoto uliowatoa nje na chaki, mlinzi na mipira yake, tunakushukuru kwa miaka yote uliyotupimia mambo badala ya kuyanakili. Tunakuombea wewe na baba wa matairi afya, siku ndefu, na nafasi ya kutosha pande zote. Cheti chako cha utumishi bora kitakabidhiwa saa sita na dakika moja, ukishakausha mirija. Flaski yako ninayo bado, nitaileta nyumbani kwako mwenyewe Jumapili, ikiwa imejaa.